Kisu cha stenlesi cha pale Feri: kazi kinafanya, ila bei imechangamka

Wadau wa Mtwara mnaofuata samaki Feri, kuna jamaa anauza visu pembeni ya wale vijana wanaopara samaki, nimechukua kwake kimoja cha 15,000 na nakipa nyota nne. Bei imechangamka kweli, ila hivi vya buku tatu vya kutembeza ukigusa tu mgongo wa nguru vinapinda. Hiki nimepasulia nguru mpaka kichwa, mpini umebanwa ribiti tatu haujacheza, na makali yanakaa.

Sasa wateja wengine wanamjia na sumaku ya spika, ikinasa wanasema feki wanaondoka. Jamani, stenlesi ya visu inanasa sumaku, ina kromiamu na kaboni ya kutosha ili ipigwe moto iwe ngumu, ile isiyonasa ni ya kina sinki za jikoni yenye nikeli ndani na hiyo ni laini, makali hayakai. Hata Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, anayetajwa kuwa mgunduzi wa stenlesi hii, aliyeanzia kuosha chupa kwenye maabara ya kiwanda cha chuma bado mtoto mpaka akaja kuwa mkuu wa utafiti, mwaka 1913 visu havikuwa akilini kabisa, alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka, akayeyusha chenye kromiamu karibu asilimia 13, akakuta tindikali ya kuchunguzia sampuli haikili. Mafundi visu wa mji wake wakamcheka eti kaleta visu visivyokata, maana walikipiga moto kwa mazoea ya chuma cha zamani wakati hiki kinataka moto mkali zaidi. Na mabosi nao wakagombana naye haki za ugunduzi ni za nani, 1915 akaacha kazi. Ndo maisha ya maabara hayo.

Nyota moja nimekata kwa sababu muuzaji anakuapia hakishiki kutu milele. Dogo wa nyumbani alikilaza kwenye ndoo ya maji ya bahari, asubuhi vidoa vyekundu hivi karibu na mpini, chumvi inatoboa kile kingozi chembamba cha kromiamu juu ya chuma kinachozuia kutu. Vilitoka kwa majivu na ndimu, ila oshea maji baridi ya bomba, futa, weka pakavu.

Halafu mwambie akunolee kabla hujampa hela, ukishalipa tu anakwambia jiwe kaliacha nyumbani.