Kadi ya mkopo baada ya deni kukuharibia jina: ipi, na lini

Kwa sisi wa Moshi na Arusha tunaoishi kwa msimu wa wageni, kabla ya kuuliza benki gani, uliza mwezi gani. Waongoza wageni, madereva wa safari na wapagazi hupata fedha kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Krismasi hadi Februari. Masika yakishuka, akaunti inakauka. Ukiomba kadi Septemba, statimenti imenona na benki itakupa kikomo kikubwa cha kukopa. Omba mwezi huohuo, ila kubali kikomo unachoweza kukilipa Aprili.

Kwanza chukua taarifa yako ya mikopo, yaani rekodi ya ulivyokopa na kulipa, kutoka taasisi zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania au Dun & Bradstreet. Benki itakayokupima inatazama hukohuko. Deni ulilokwisha kulipa likiwa bado linasomeka, rudi kwa aliyekukopesha na barua ya kumaliza mkopo, umtake arekebishe. Usijaze fomu yoyote kabla hilo halijanyooka.

Namba moja kwangu ni kadi inayodhaminiwa na akiba yako mwenyewe. Benki inazuia fedha ulizoweka, inakupa kikomo kisichozidi hapo. Najua inauma kukopeshwa kwa dhamana ya jasho lako, lakini kwa mtu mwenye doa huu ndio mlango ulio wazi zaidi, kwa sababu benki haina cha kuogopa. Si kila benki inayo, na ilipo haitangazwi sana, kwa hiyo muulize ofisa mikopo mwenyewe. Itumie kulipia vitu vidogo, mafuta ya gari au tovuti ya kampuni yako, kisha lipa deni lote kabla ya tarehe. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaendelea kula. Na usiitumie kutoa pesa taslimu kwenye ATM: kwa kawaida kuna ada, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Ya pili ni mkopo mdogo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) yenye leseni. Siyo kadi, lakini Kilimanjaro tumeuzoea ushirika tangu KNCU, chama cha wakulima wa kahawa, ya 1933, na viongozi wa chama wanakujua kuliko kompyuta ya benki. Uliza jambo moja tu: marejesho yangu mnayapeleka kwenye kanzidata ya mikopo, kule benki inakotazama? Wakisema hapana, mkopo utakusaidia shida, hautakusafishia jina.

Kadi ya kawaida isiyo na dhamana naiweka ya tatu, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia mapema. Subiri mwaka mzima wenye masika ndani yake, bila rejesho hata moja lililochelewa. Ukivuka Mei salama, una cha kuonyesha.

Kama shida yako ni kulipia vitu mtandaoni tu, kadi ya Visa ya akaunti yako inatosha. Haijengi historia, wala haikuingizi deni.

Kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya, wa mtaani na wa kwenye simu hawamo kwenye orodha yangu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukitumiwa ujumbe wa mkopo wa dakika tano, tafuta kwanza jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni, iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu.