Darubini ya Milimita 200 Mbele ya Galaksi M87

Wengi wanaonunua darubini huipima kwa Mwezi na kwa pete za Zohali, yaani kwa vitu vinavyong'aa kiasi kwamba hata kifaa hafifu huvionyesha vizuri. Yangu ni ya aina ya Dobson, yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 1200, inayozunguka juu ya kitako cha mbao. Nami nimeona ni haki kuihukumu kwa mtihani mgumu zaidi, ambao ni M87, galaksi duaradufu (kundi kubwa la nyota lenye umbo la yai, lisilo na mikono) iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 54 katika kundinyota la Mashuke.

Nianze na kasoro, kwa kuwa ndizo zilizonipokea. Darubini ilifika vioo vyake viwili vikiwa havijalingana, na kijitabu cha maelekezo kiligusia suala hilo kwa aya moja tu, ingawa bila ulinganifu huo nyota hutokea kama matone yenye mikia na mwanga hafifu wa galaksi hutawanyika. Nilitumia jioni nzima kugeuza skrubu za nyuma ya kioo kikuu kidogo kidogo. Darubini ndogo ya kulengea nayo hugeuza picha juu chini, jambo linalomchanganya mtu anayefuata ramani ya nyota, na skrubu zake hulegea kila bomba linapobebwa. Hiyo nimeshaibadilisha.

Kioo kikuu chenyewe, hata hivyo, ni kizuri sana. Hukusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya ule unaoingia katika mboni ya jicho iliyopanuka kikamilifu gizani, na tofauti hiyo ndiyo inayoifanya M87 ionekane. Kuifikia, nilianza katikati ya mstari unaotoka Denebola, nyota ya mkia wa Simba, hadi Vindemiatrix iliyo katika Mashuke. Hapo, kwa lenzi ya kutazamia ya milimita 25 inayokuza mara 48, galaksi mbili za M84 na M86 huingia pamoja katika duara moja la kuonea, na kusogea zaidi kidogo ya digrii moja kuelekea kusini mashariki humleta mtazamaji kwenye M87. Usiku wa kwanza niliipita mara mbili bila kuitambua, kwa sababu nilikuwa nimekiacha kioo nje kwa dakika chache tu na bado hakijapoa kulingana na hewa. Tangu hapo huitoa darubini mapema, angalau nusu saa kabla ya kutazama.

Kinachoonekana ni wingu la kijivu la mviringo, ambalo mwangaza wake huongezeka taratibu kuelekea kitovu, na ambalo hukua mtu anapolitazama kwa pembeni ya jicho badala ya kulikazia macho. Hakuna mikono ya mzunguko wala michirizi ya vumbi. Huo si udhaifu wa darubini, kwani galaksi duaradufu za namna hii zina kiasi kidogo mno cha gesi baridi ya kuzalisha nyota mpya, na mwanga wake hutoka hasa kwa nyota zilizozeeka. Charles Messier, mwanaastronomia Mfaransa aliyeiorodhesha mwaka 1781 na ambaye herufi M ya jina lake ndiyo iliyo katika M87, naye aliona ukungu tu. Binafsi nimekaa mbele ya ukungu huo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya Zohali.

Kwa lenzi ya milimita 10, inayokuza mara 120, kitovu hujitenga vizuri zaidi, lakini mzunguko wa Dunia huitoa galaksi katika duara la kuonea kwa chini ya dakika mbili, na kitako cha mbao hukwama kidogo kabla ya kuteleza, hivyo kuifuatilia kunahitaji mkono mtulivu.

Lazima niseme wazi kwamba picha za rangi zilizochapishwa juu ya boksi zinapotosha. Mchirizi wa maada unaofyatuka kutoka katika kitovu cha M87, ambao mwanaastronomia Heber Curtis aliuripoti mwaka 1918 kutokana na picha za Kituo cha Lick cha kutazamia nyota, huko California, sijauona hata mara moja kwa darubini hii, wala sikutarajia. Shimo jeusi lililo ndani yake, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki, lenye masi ya takriban Jua bilioni 6.5, lilipigwa picha iliyotolewa Aprili 2019 kwa kuunganisha darubini za redio zilizotapakaa duniani.

Naipendekeza kwa mtu anayeweza kufika penye giza la kweli na aliye tayari kubeba bomba na kitako kwa safari mbili. Anayekusudia kupiga picha za anga kwa muda mrefu atafute kifaa chenye mota, kwa sababu kitako hiki hakifuati nyota chenyewe.