Seti ya mihuri ya kutengenezea kadi, na wino unaofaa hewa ya Mtwara: uzoefu wangu

Seti ninayoizungumzia ni ile ya mihuri laini inayoonyesha upande wa pili kama kioo, iliyobandikwa kwenye karatasi ya plastiki, ikiwa na kibao kidogo cha akriliki (plastiki ngumu kama kioo) cha kubandikia mhuri unapopiga, na pedi za wino za rangi mchanganyiko. Mjini Mtwara huonekana kwa nadra kwenye maduka ya vifaa vya shule, kwa hiyo wengi wetu tunaiagiza Kariakoo na kuipokea kwa basi. Nimeitumia kwa kadi za mwaliko, za pongezi na za Idi, kiangazi na wakati wa mvua. Maoni yangu ni haya: mihuri ichukue, wino wake uweke pembeni, na pesa uliyookoa itie kwenye karatasi na pedi moja nzuri.

Mihuri ya namna hii huwa ya fotopolima au ya silikoni. Fotopolima inanata kidogo ukiigusa, na ikikaa juani inageuka njano na kukakamaa. Silikoni inavutika sana na haiwi njano. Hii ni silikoni, na ubaya wake ni kwamba wino wa maji hautulii juu yake; unajikusanya vitone vitone, na picha inatoka na mabaka meupe. Dawa yake ni kifutio cha penseli. Sugua uso wa mhuri taratibu mpaka mng'ao upotee, pangusa vumbi, kisha upige mara mbili tatu kwenye karatasi chakavu kabla ya kuugusisha kwenye kadi. Mhuri ukiendelea kuwa mkaidi, papasa kwa msasa laini kabisa, lakini bila kukandamiza, maana msasa unakula mistari myembamba. Hata fotopolima mpya ina utando wa kiwandani unaohitaji kifutio hicho hicho.

Kibao kilichomo sikipendi. Ni chembamba, kinapinda ukikandamiza katikati, na pembe za mhuri hazichapi. Mafundi wa mabango huwa na mabaki ya akriliki. Omba kipande cha unene wa milimita 8 hadi 10, upana wa kiganja, kingo zipigwe msasa. Chora juu yake mistari miwili mitatu kwa kalamu isiyofutika ili upate pa kunyooshea maandishi.

Unapopiga, gongagonga pedi juu ya mhuri badala ya kuuzamisha mhuri kwenye pedi. Ukiuzamisha, wino unaingia hadi pembeni na kutoa kivuli kuzunguka picha. Chini ya kadi weka kitu laini, kama vile kipande cha sponji bapa au karatasi tano sita za gazeti. Kandamiza wima, hesabu hadi tatu, nyanyua wima. Usitikise. Mhuri wenye eneo kubwa lililojaa, kwa mfano moyo au ua zima, uupake mara mbili.

Herufi zina jambo lake. Seti huja na kila herufi moja moja, na maneno ya salamu yaliyotengenezwa tayari ni ya Kiingereza, ambayo kwa kadi zetu nyingi hayana kazi. Ukitaka kupanga neno lako kwenye kibao na kulipiga kwa mpigo mmoja, lazima lisiwe na herufi inayojirudia. MWALIKO, HONGERA, PONGEZI, KARIBU na HARUSI yote yanapangika. ASANTE inakwama kwenye A ya pili, KRISMASI inakwama kwenye I na S, na MAHAFALI ina A tatu. Kwa maneno hayo piga herufi zote isipokuwa zile zinazojirudia, acha nafasi zake, kisha rudi uzijaze moja moja ukifuata mstari wa penseli. Kama kazi zako nyingi ni za maandishi, agiza seti mbili za herufi tangu mwanzo. Majina yetu yana A nyingi mno.

Sasa wino, na hapa ndipo pwani inapojionyesha. Kuna wino unaozama kwenye karatasi na kukauka haraka, na kuna wino wa pigmenti, mzito, unaokaa juu ya karatasi na kukauka polepole. Wa kuzama unapauka ukikaa kwenye mwanga muda mrefu, na mwingi unachuja ukiguswa na maji. Wa pigmenti haupauki haraka, lakini kwenye karatasi isiyong'aa unaweza kuchukua saa kadhaa, na wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, ukiuacha usiku kucha asubuhi bado unapaka kidole. Kwenye karatasi ya kung'aa haukauki kabisa bila joto. Pedi za kwenye seti hii hazijaandikwa ni za aina gani, na ukizijaribu unaona ni pigmenti yenye mafuta mengi. Kwa kadi itakayoingia kwenye bahasha siku hiyo hiyo, hazifai. Nazitumia kwa kazi moja tu, nayo ni kushikia unga wa kunyanyua maandishi (unaoyeyushwa kwa joto hadi maandishi yavimbe), ambako kuchelewa kukauka ndiko kunakotakiwa.

Njia ya kuutambua wino usioandikwa kitu: piga kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi, subiri dakika 10, pitisha kidole kikavu, kisha kidole chenye maji. Wino ukipaka kidole kikavu ni pigmenti. Ukiwa mkavu lakini ukachuja kwa maji, ni wa kuzama usiostahimili maji, na usipitishe rangi ya maji juu yake. Ukistahimili vidole vyote viwili, utunze.

Wengi hukimbilia wino wa mihuri ya ofisini, ule wa bluu au zambarau wa chupa ndogo, kwa sababu uko kila steshenari kuanzia Mtwara hadi Lindi na Masasi. Kwa maandishi matupu unafaa. Unakauka upesi na kwenye karatasi kavu mstari wake ni safi. Lakini jasho la vidole linauyeyusha, na ukipitisha kalamu ya rangi yenye maji juu yake unasambaa na kuchafua kila kitu. Utumie baada ya kumaliza kupaka rangi, usiwe wa kwanza.

Kwa pedi za kuagiza, Memento ya Tsukineko ni wino wa kuzama unaokauka haraka na hausambai ukipakwa kalamu za rangi zenye spiriti. Nyeusi yake ndiyo ningeinunua kwanza kabla ya rangi nyingine yoyote. VersaMark, ya kampuni hiyo hiyo, haina rangi na inanata, kazi yake kubwa ikiwa kushika unga. StazOn ni ya vitu visivyonyonya kama plastiki, kioo na karatasi ya kung'aa. Kwa kadi ya manila huihitaji, na kuisafisha kwenye mhuri ni usumbufu. Distress ya Ranger imetengenezwa makusudi iitikie maji. Ni nzuri kwa kupaka usuli kwa sponji, lakini ukiishika kwa mkono wenye jasho doa linabaki.

Unga wa kunyanyua hufanya maandishi yavimbe na kung'aa, na ndio unaoifanya kadi ya mkono ionekane ya gharama. Hatua zake ni fupi: piga mhuri kwa wino unaonata, mwaga unga, gonga karatasi ili uliozidi uanguke na uurudishe kwenye chupa, kisha pasha moto. Ugumu wa huku kwetu ni kwamba karatasi yenye unyevu inashika unga kila mahali, hata pasipo na wino, na alama za vidole ndizo zinazoonekana kwanza. Kabla ya kupiga mhuri, pasha karatasi sekunde chache, iache ipoe, halafu pangusa kwa kitambaa chenye poda ya mtoto kidogo sana. Punje zilizobaki zitoe kwa brashi kavu.

Draya ya saluni haifai. Inapuliza unga ukaruka kabla haujayeyuka, na joto lake ni dogo. Kipulizia joto cha kazi hii kina upepo mdogo na joto kali. Ukikikosa, geuza pasi ya umeme uso juu, iegemeze imara, weka joto la pamba, na ushikilie karatasi juu yake kwa koleo ikiwa karibu kugusa, upande wenye unga ukiangalia juu. Jiko la mkaa linayeyusha pia, ila majivu yanapanda na kutua kwenye unga laini. Angalia rangi: unga ulioyeyuka unageuka kutoka ukungu kuwa mng'ao, sehemu baada ya sehemu. Ukishang'aa, ondoa hapo hapo. Ukizidisha, unazama kwenye karatasi, unakuwa bapa na kuacha doa kama la mafuta.

Kama ndani ya kadi kuna maandishi ya kuchapwa kwa kompyuta, yachape kwanza. Kadi yenye unga ukiipitisha kwenye printa ya leza, joto la ndani ya mashine linauyeyusha tena na kuubandika kwenye roli. Kwa harusi ya kadi 200 sikushauri kupiga kila kitu kwa mkono. Chapa ndani kwa printa, nje piga mhuri mmoja mkubwa. Mhuri huo unasaidia pia mlangoni. Piga alama tofauti kwa singo na dabo (kadi ya mtu mmoja na ya watu wawili), kwa wino ambao fotokopi haiigi vizuri, kama dhahabu ya pigmenti.

Karatasi. Ya fotokopi ya gramu 80 ni ya majaribio tu. Kadi isimame yenyewe inataka gramu 200 hadi 300. Manila nyingi za madukani ni nyepesi kuliko hapo, zinafaa kwa tabaka la juu, sio kwa mwili wa kadi. Shuka la ukubwa wa A1 hutoa A4 nane, na kila A4 ikikatwa katikati ya urefu hutoa vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kila kipande kikikunjwa kwenye milimita 105 unapata kadi ya A6, inayoingia kwenye bahasha ya C6 bila kubanwa. Kwa hiyo A1 moja ni kadi 16, ukitoa za kuharibika.

Usikunje bila kuchora mfereji. Tumia kalamu ya wino iliyokwisha na rula ya chuma, pitisha mara mbili, kisha kunja ili uvimbe wa mfereji ubaki ndani ya kadi. Angalia pia nyuzi za karatasi: pinda shuka kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa urahisi ndio mkunjo unaotakiwa kuufuata. Ukikunja kinyume, rangi ya juu inapasuka na kuonyesha weupe, hasa kwenye manila nyekundu na nyeusi.

Gundi ya maji inaikunja karatasi nyepesi. Ipake nyembamba kwa kadi chakavu, pembeni na katikati kidogo, kisha lalisha chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Tepu ya pande mbili ni safi zaidi, lakini wakati wa mvua za bei rahisi zinaachia kwenye pembe. Gundi nyeupe ya mbao, tone moja kila pembe, inamaliza ubishi.

Mtu mwenye kasha tupu la CD anacho kifaa cha kurudia chapa mahali pale pale. Ondoa kitako cha ndani, weka sponji nyembamba, ingiza karatasi ya milimita 90 kwa 115 ikiwa imebana kwenye kona. Laza mhuri kifudifudi juu yake unapotaka picha ikae, funga mfuniko, na mhuri utang'ang'ania mfunikoni. Fungua, upake wino, funga, kandamiza. Chapa ikitoka na mabaka, paka tena na ufunge tena, itaangukia pale pale. Kipande hicho ndicho utakachobandika juu ya kadi ya A6.

Ukichoka na maua ya kigeni, mafundi wa mihuri ya ofisini wanaweza kukutengenezea pindo la kanga au nakshi ya Kimakonde. Wapelekee mchoro mweusi kwenye karatasi nyeupe, mistari isipungue nusu milimita, na uombe mpira mtupu usio na mpini. Usikubali ule wa kujipaka wenyewe; umefungwa na rangi moja. Au chonga mwenyewe kwenye kifutio kikubwa. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyepesi, ilaze kifudifudi juu ya kifutio, sugua kwa kucha, na mchoro utahamia ukiwa umegeuka kama inavyotakiwa. Kata ukiinamisha kisu nje ya mstari ili kuta zibaki na mteremko. Ukuta uliokatwa kuingia ndani unabonyea na kukatika. Wachongaji wa mpingo watatucheka kwa kazi hii ya kifutio, na wana haki.

Safisha mihuri kwa maji na sabuni kidogo au tishu za mtoto. Asetoni isiikaribie kabisa. Ikipoteza kunata kwenye kibao, ni vumbi. Ioshe na uiache ikauke bila kuifuta kwa kitambaa chenye nyuzi. Madoa ya rangi yaliyobaki hayana madhara. Ihifadhi mbali na dirisha, pedi zilazwe kifudifudi kama ni za sponji nene ili wino ukae juu, na karatasi ikae kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu.

Bahasha za kulamba zinajifunga zenyewe zikikaa na hewa ya bahari. Zikifika tu, ingiza ukanda wa karatasi ya nta chini ya kila mfuniko, au nunua zisizo na gundi na uzifunge kwa tepu siku ya kupeleka.