Chaja ya ukutani ya gari la umeme, Tabora: nilikuja na nyota moja mkononi, kumbe kosa si lake

Nianze na fundi, maana hasira haijatulia. Taa ya chaja ikiwaka nyekundu, halafu anayekufungia akafungua kifuniko na kuunganisha waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, na waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, humo humo ndani, taa ikageuka kijani, usimlipe. Mwambie akusanye vifaa vyake aende.

Ndivyo nilivyofanyiwa. Nilipohoji dukani, fundi huyo akanijibu, "Mzee wangu, hiyo taa ni mbwembwe za kiwanda. Gari si linachaji?" Linachaji, ndiyo. Hata waya wa nguo ukiunganishwa na laivu utapitisha umeme.

Chaja haikai ikipitisha umeme tu. Kabla ya kuanza inapima kama ethi ipo na inafaa. Ukiibana ethi na nyutro inadanganyika, inaona njia safi. Lakini hapo hata RCD, swichi inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata ukivuja, umeipofusha: umeme ukivuja kwenye bodi ya gari unarudi kwa nyutro kana kwamba hakuna kilichotokea, mizani inakuwa sawa, RCD hairuki. Na skrubu ya nyutro ikilegea huko kwenye mein swichi, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na volti 230. Mtoto aliyetoka kuoga, miguu mitupu, akishika kitasa? Mtu mwenye leseni ya EWURA hawezi kusema hajui hili.

Kwa nini taa ilikuwa nyekundu? Mchanga. Udongo wa hapa mwezi wa tisa ni mkavu kama unga wa muhogo, na fundi huyo alipigilia nondo moja ya ethi ya mita 1.2 pembeni ya ukuta. Mita ya ethi ilisoma zaidi ya om 400, na hapa namba ndogo ndiyo nzuri. Msimu wa mvua nondo hiyo hiyo ingesoma vizuri, ndiyo maana kipimo cha mwezi wa pili nakihesabu ni bure. Pima kiangazi, na upime kwa mita ya ethi. Testa ya bisibisi haikwambii lolote.

Fundi wa pili aliunga nondo tatu za mita 1.2 kwenda chini, kwa kuwa unyevu uko chini, kisha akarudia sehemu nyingine umbali wa mita 4. Zikikaribiana kuliko urefu wake zinanyang'anyana udongo ule ule na faida inapotea. Alichagua upande ambako maji ya bafu yanamwagikia. Ikashuka hadi om 68, na taa ikawa kijani bila ujanja. Wanaokushauri kumwaga chumvi ya magunia wana ukweli nusu: inasaidia kwa muda, mvua inaiosha, na nondo inaliwa. Bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, inakaa.

Mengine nayataja haraka. Chaja ya kilowati 7 ni kubwa mno kwa Nissan Leaf ya zamani ya Japani kama yangu, ambayo yenyewe haivuti zaidi ya 3.3. Duka halikusema, lingesemaje? Ipunguze kwa swichi ndogo za ndani hadi ampea 16, weka breka ya 20, na laini iwe yake peke yake toka mein swichi, isichangie na pampu wala pasi. Angalia pia kichwa cha waya: Leaf hizo zinatumia Type 1, na rafu za duka zimejaa Type 2.

Waya aliokuja nao fundi wa kwanza ulikuwa wa milimita 2.5. Kutoka mein swichi hadi bandani kwangu ni mita 28. Kwa ampea 14 hivi unapoteza karibu volti 7 njiani, na jioni umeme wenyewe unapokuwa umeshachoka, chaja inakatakata. Weka milimita 6, shaba tupu. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe.

RCD nayo angalia mchoro usoni. Wimbi moja peke yake ni aina ya AC. Haifai, kwa sababu gari linaweza kuvujisha umeme wa DC, kama ule wa betri, unaoifanya izubae. Inatakiwa aina ya A, yenye wimbi na chini yake vinundu viwili, ikiwa chaja ina kinga ya DC ya miliampea 6 ndani. Kama haina, ni aina ya B, na bei yake jiandae.

Usikimbilie soketi ya kawaida ya 13 ukidhani umeokoa hela. Ampea 13 kwa saa saba mfululizo zinaipika. Anza kushuku ukiona rangi ya kahawia pembeni mwa tundu. Ukilazimika, usizidi 10.

Na walio kwenye LUKU ya bei nafuu, ile ya uniti 75 kwa mwezi: betri ya kilowati-saa 24 ikijazwa mara tatu tu umeshazimaliza, hata friji hujaihesabu.

Basi hukumu. Fundi wa kwanza sifuri, na ile "mzee wangu" airudishe alikoitoa. Chaja niliyoitukana wiki nzima ndiyo peke yake iliyosema kweli, ikakataa kazi hadi ethi ipatikane. Nilitaka kuipa tano. Naipa nne, kwa sababu waya wake ni mita 5, na tundu la Leaf liko puani, kwa hiyo ukiingiza gari kinyumenyume haufiki.