Brashi yangu ya kwanza ya hewa, na kijana aliyeniambia mkono wangu mbovu

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndio niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mie kazi yangu ni hina na piko. Maharusi wa Kikwajuni, wa Jang'ombe, mpaka wa Fuoni huko wananijua, na mkono wangu ndio duka langu. Biharusi anakaa mbele yangu kutoka alasiri mpaka usiku na mstari haupindi. Nikipata nafasi yangu mwenyewe naunga vindege vya plastiki. Tabia hiyo nimeirithi kwa babu, aliyefanya kazi kiwanja cha ndege cha hapa Unguja, enzi hizo kikiitwa Kisauni, na kila jioni barazani akituhadithia Dragon Rapide, zile ndege za injini mbili na mabawa mawili, moja juu moja chini. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi 1946 lilianza na sita kama hizo. Mwaka huu nikaipata ya kuunga, ya kipimo cha 1/72, yaani urefu wake ni sehemu moja ya 72 ya ndege ya kweli. Bawa lake lote, ncha hadi ncha, ni shubiri moja.

Rangi yake ni fedha, na fedha haina huruma. Ukiipaka kwa brashi ya kawaida, kila unywele unaacha njia yake na njia hiyo haifutiki. Ndio nikaamua: safari hii nanunua brashi ya hewa, kile kifaa kama kalamu kinachopuliza rangi kwa hewa badala ya kuipaka kwa unywele.

Nikaenda duka moja mitaa ya Darajani. Jina lake nalimeza. Kulikuwa na kijana kaunta, nikamuuliza kwa adabu kabisa: hiki kitufe kinabonyea tu, au kinabonyea na kuvutika nyuma? Swali hilo ndio roho ya kuchagua, na nililiuliza makusudi. Ile ya kubonyea tu inatoa hewa na rangi kwa mpigo mmoja, kiasi kile ulichokwisha kukifunga. Ile nyengine unabonyeza kupata hewa, kisha unavuta nyuma taratibu kupata rangi, chembe au nyingi, kidole chako ndicho kinachoamua. Akanijibu, "Zote sawa, bibie. Wenzio wanapambia keki." Macho hakuyatoa kwenye simu.

Zote si sawa! Nilijichagulia mwenyewe: ya kuvuta nyuma, yenye kikombe juu, maana rangi inashuka yenyewe na matone machache yanatosha, hailazimu kuisukuma kwa hewa kali. Ile ya chupa chini inataka presha zaidi, na chupa nzima ya rangi kwa ndege ya shubiri ni ya nini? Sindano nikachukua ya milimita 0.3. Ile ya 0.2 nzuri kwa michirizi, lakini chembe za fedha zinaiziba. Hapo sikukosea. Niliposhindwa ni kwenye kompresa, ile mashine ya kuipa brashi hewa. Nilimuuliza ipi inafaa, akasogeza kikompresa kidogo kama redio, hakina tangi, hakina saa ya presha. "Hii ndio yake, zinakwenda pamoja." Laki na nusu na ushei zikatoka mkobani.

Ilikuwa masika, mvua ya siku tatu mfululizo, sikumbuki hata siku gani. Praima, rangi ya kwanza ya kuzishika zinazofuata, ikakaa. Nyeusi ya kung'aa, ambayo ndiyo kitanda cha fedha, ikakaa vizuri mpaka nikawaita watoto waje waone. Nikatia fedha kikombeni. Bawa la chini likaenda kama hariri. Nikageukia bawa la juu. Kikompresa kishakuwa cha moto, huwezi kukigusa, na hewa imeanza kupigapiga kama mtu anayepumua kwa shida. Nikasema nimalize huu upande tu. Brashi ikatema. Maji matupu, tone zima katikati ya bawa, likasukuma fedha pembeni na kuonyesha weusi wa chini, na kabla sijaondoa kidole brashi ikatema tena. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikakaa muda mrefu sana. Mama akaingia akadhani kuna msiba.

Kesho yake nikarudi dukani na kila kitu ndani ya kapu. Yule kijana akakiwasha, akajipulizia kiganjani hewa tupu, sekunde mbili hizo, akanirejeshea. "Kifaa kizima, bibie. Mkono wako ndio mbovu."

Mkono wangu! Na pale dukani amesimama mama mmoja ambaye nimewapamba binti zake wawili. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kusema, nikachukua kapu langu nikatoka. Njia nzima mpaka Michenzani nilikuwa nautazama mkono. Usiku ule ningeandika haya maneno, ningewaambieni msinunue kabisa brashi za aina hii, wala msikanyage duka hilo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa rangi za magari, jirani ya shangazi yangu. Akaisikiliza hadithi yote, akauliza neno moja: "Mwanangu, tangi liko wapi?" Akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto chuoni. Hewa yetu hapa imejaa maji, na masika ndio zaidi. Kompresa ikiibana hewa inapata moto, na maji yanakwenda nayo kama mvuke. Ikiingia kwenye mpira inapoa, mvuke unageuka matone, na matone hayana pa kutokea ila kwenye ncha ya brashi. Tangi linaipa hewa nafasi ya kupoa. Maji yanakaa chini, jioni unafungua koki unayamwaga. Juu yake unatia kichujio cha kunasa maji, kile chenye kikombe cha kioo, yale yaliyoponyoka uyaone kwa macho yako.

Akaifunga brashi yangu kwenye kompresa yake, akaishusha presha mpaka psi 15 au 20 hivi, akanipa kipande cha bati. Nikachora ua la piko. Jembamba, na mkia wake ukapotea kama moshi. Jamani, brashi ni nzuri! Brashi yenyewe sina neno nayo hata moja.

Na hapo ndipo hasira zilipopanda upya, maana kumbe lilikuwa neno moja tu. "Bibie, chukua yenye tangi, hewa ya kwetu ina maji." Muuzaji anayeuza vitu hivi kisiwani hajui hilo? Na kama hajui, mkono wangu kautajia nini?

Rangi nayo nilijifunza peke yangu. Ikoroge iwe nyepesi kama tui la pili; ukiipeleka kama tui zito la kwanza haitoki, au inatoka vipande. Rangi za Tamiya, zile za akriliki, zinakubali spiriti vizuri. Rangi za Vallejo usizitie spiriti, zinavutana na kuganda kikombeni, tumia kiyeyusho chake chenyewe. Ukimaliza osha hapo hapo, na kile kinozeli cha mbele kaza kwa vidole tu. Uzi wake ni mwembamba mno, ukitumia spana kinakatika na kipande kinabaki ndani.

Sasa ninunue nisinunue, wengi mtaniuliza. Nilikuwa nasema nyota moja. Leo brashi naipa zote, wallahi, na anayeanza namwambia achukue kama yangu. Kile kikompresa hata bure usichukue. Bora usubiri miezi mitatu uweke akiba ya yenye tangi; mie nimepata ya lita 24 iliyotumika kwa fundi wa mipira, kelele zake majirani wananivumilia mpaka magharibi. Duka… nilitaka kusema labda siku ile kijana alikuwa na lake. Hapana. Angesema "sijui" ningerudi kesho yake kununua rangi.

Bawa nililisugua kwa spiriti mpaka plastiki tupu, nikaanza upya. Limekauka jana, safi, hakuna doa. Zimebaki herufi za usajili, zile zinazoanza na VP-K, ubavuni, na zile karatasi za kubandika zilizokuja na boksi nimeziweka kando. Naziandika kwa mkono.