Jiko la peleti za mbao: uzoefu wangu wa kulisafisha na kulitunza

Ninatumia jiko la kuchomea nyama la peleti za mbao (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) hapa Minnesota, Marekani, na kwa ladha ya moshi pamoja na joto lisiloyumba sina lalamiko. Hata hivyo, anayetaka kulinunua ajue kwamba halitunzwi kama jiko la mkaa, kwa kuwa ndani yake mna skrubu ndefu inayozungushwa na mota ili kusukuma peleti hadi kwenye kikombe cha moto, mna kiwashio cha umeme, na mna feni ya kupuliza hewa.

Kikombe hicho ndicho ninachokiangalia kuliko kitu kingine chochote. Majivu yakijaa humo, hufunika kiwashio na kuziba matundu ya hewa, peleti zikarundikana zikitoa moshi mzito bila kushika moto, kisha zikalipuka kwa mkupuo. Kwa hiyo kila ninapomaliza mfuko wa kilo 9 hivi, ninaondoa nyavu za kuwekea nyama na trei ya mafuta iliyo chini yake, halafu ninanyonya majivu kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, jiko likiwa limechomolewa kwenye umeme na limepoa tangu jana yake. Subira hiyo ni ya lazima, maana kaa dogo huweza kubaki hai ndani ya majivu kwa saa nyingi. Majivu yenyewe huyatia kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na nyumba.

Trei ya kukingia mafuta huikwangua kabla ya kupika kidari cha ng'ombe, ambacho huchuruzika mafuta mengi kwa saa nyingi. Mafuta yakiwaka, zima jiko, acha mfuniko umefungwa, wala usimwage maji. Brashi ya waya siitumii kabisa, kwa sababu nyuzi zake hukatika na kuweza kuingia kwenye chakula.

Kuzima nako kuna utaratibu: usichomoe waya ghafla, bali bonyeza kitufe cha kuzimia ili feni iendelee hadi peleti zilizobaki ziishe, moto usije ukarudi nyuma kuelekea kwenye kasha la peleti. Peleti zilizopata unyevu huvimba na kukwamisha skrubu, hivyo zangu hukaa kwenye ndoo iliyofungwa barabara.

Nikinunua jingine, nitachagua lenye kikombe kinachofunguliwa kutoka chini, ili majivu yatoke bila kuondoa nyavu zote.