Vyombo vya Plastiki vya Kuhifadhia Chakula: Kipi Kinunuliwe Kwanza, Kipi Kiachwe Dukani

Mnunuzi wa chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula kwa kawaida hutazama rangi, ukubwa na namna kifuniko kinavyobana, ilhali habari muhimu kuliko zote imechapwa kwenye kitako, ndani ya pembetatu ndogo yenye namba kati ya 1 na 7. Namba hiyo si alama ya ubora. Inataja aina ya plastiki tu, na zile za namba 2 hadi 6 zote zimetokana na alkeni au jamaa zake wa karibu.

Alkeni ni haidrokaboni (kampaundi ya kaboni na haidrojeni tu) yenye bondi maradufu baina ya atomi mbili za kaboni. Bondi hiyo inapofunguka, molekuli hushikana na jirani zake, na maelfu ya monoma, yaani molekuli ndogo za namna hiyo, huungana kuwa mnyororo mmoja mrefu uitwao polima. Jina la polima hapa hupotosha kidogo, kwa kuwa polietheni, iliyotokana na gesi ya alkeni iitwayo etheni na ambayo wengi huiita polithini, haina tena bondi maradufu katika mnyororo wake. Ndiyo sababu gesi iliyo tayari kumenyuka huzaa dutu tulivu isiyodhuriwa na siki wala chumvi.

Nafasi ya kwanza naipa polipropeni, namba 5, bila kusita. Huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, hivyo chakula kilichotoka kuchemka hakiilegezi. Siri yake iko katika mpangilio: kila kaboni ya pili imebeba kikundi cha methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu), na mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia, akitumia vichocheo vya aina aliyoivumbua Karl Ziegler wa Ujerumani, alipata mnyororo ambao vikundi hivyo vyote vimeelekea upande mmoja. Minyororo ya namna hiyo hupangika na kutengeneza fuwele. Pasipo mpangilio huo, polipropeni ingekuwa kitu laini chenye kunata kisichofaa hata kwa kikombe. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963, na kwa maoni yangu hakuna tuzo iliyo karibu na kabati la jikoni kuliko hiyo.

Hata hivyo, polipropeni ina kasoro zake. Ikikaribia nyuzi 0 hukakamaa, na chombo kilichotoka kwenye friza kikianguka huweza kupasuka; ile iliyochanganywa na etheni kidogo huvumilia baridi zaidi, ingawa lebo ni nadra kulitaja jambo hilo. Ikiachwa juani muda mrefu huchakaa, kwa sababu haidrojeni iliyo kwenye kaboni yenye methili hung'oka kwa wepesi na kuipa oksijeni mlango. Madoa mekundu au ya manjano yanayobaki baada ya kuosha yasimtie mtu hofu: rangi iliyoyeyuka katika mafuta hupenya plastiki kwa kuwa mafuta na polipropeni vyote havina ncha za chaji, na maji hayawezi kuifuata humo.

Ya pili ni polietheni ya densiti kubwa, namba 2. Mnyororo wake hauna matawi mengi, hivyo hujipanga kwa kubanana na kutoa plastiki ngumu yenye weupe wa maziwa. Kwa maji, unga, nafaka na chochote kitakachogandishwa, naipendelea kuliko namba 5, kwani baridi ya friza haiivunji. Huyeyuka karibu na nyuzi 130, lakini hulegea mapema zaidi. Chakula cha moto si kazi yake.

Polietheni ya densiti ndogo, namba 4, iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI nchini Uingereza, chini ya shinikizo kubwa sana. Matawi ya mnyororo wake huizuia kubanana, ikawa laini na yenye kupindika. Inafaa kwa vifuniko na mifuko.

Polistirini, namba 6, huvutia macho kwa uangavu wake, lakini ni ya kupasuka upesi, hulegea karibu na nyuzi 100, na mafuta ya maganda ya machungwa huiyeyusha. Vitu vikavu tu. Ya mwisho ni polivinili kloridi, namba 3: ili iwe laini huongezwa vilainishi ambavyo havikuungwa na mnyororo, hivyo huweza kuhamia kwenye chakula chenye mafuta. Namba 1 ni polima ya esta (kampaundi itokanayo na asidi na alkoholi), si ya alkeni, nayo namba 7 ni kapu la mabaki yote, sikuzipanga hapa.

Chombo kisicho na namba kijaribiwe majini. Polietheni na polipropeni huelea, kwa kuwa densiti yake ni chini ya ile ya maji; polistirini isiyo povu na polivinili kloridi huzama.

Kwa maikrowevu, namba 5 pekee katika orodha hii ndiyo inayostahili kufikiriwa, tena iwe imeandikwa kwamba imekusudiwa kazi hiyo, maana mafuta ndani ya chakula huweza kupita nyuzi 100 ambazo maji huishia. Kifuniko kiondolewe kwanza: mara nyingi namba yake si ile ya chombo chenyewe.